Februari hujachelewa kuwaona nyangumi wa kijivu

Unauliza kama ukienda Februari utakuwa umechelewa kuwaona nyangumi wa kijivu? Hapana ndugu, hujachelewa, ndio wakati wenyewe! Hadi Machi nyangumi mama bado wako na watoto wao kwenye ghuba za rasi ya Baja California, Meksiko. Ukitoka Tijuana, fuata barabara kuu namba 1 na ujaze tangi pale El Rosario, maana mbele ni jangwa, takriban kilomita 300 bila kituo cha mafuta cha kutegemea. Usiku usiendeshe kabisa, ng'ombe huzurura barabarani.

Kwa kuwaona nyangumi, mji wa Guerrero Negro ni karibu zaidi, lakini mimi ningesogea hadi ghuba ya Laguna San Ignacio. Wavuvi wa hapo watakupeleka kwa boti zao ndogo. Tulieni tu, nyangumi husogea wenyewe, na mara nyingine mama humsukuma mtoto hadi ubavuni mwa boti. Utalia, nakwambia.