Gusa boneti kabla ya kusema bei

Nilifika saa mbili asubuhi kama tulivyoagana, nyumba moja ya mtaa wa Bel-Air, mwezi wa saba, ile baridi ya Lubumbashi, huku Kongo, inayofanya watu wasivue jaketi mpaka saa nne. Gari lilikuwa uani, limeoshwa, linang'aa: BMW 330i ya mwaka 2002, lile umbo ambalo mafundi wanaliita E46, usukani kushoto, gia za mkono, rangi ya fedha. Mwenyewe akaniambia halijawashwa tangu jana jioni. Nikaegemea boneti ili nichungulie karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Boneti ilikuwa ya moto.

Nilisikia ule moto kwenye kiganja, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshapenda. Silinda sita, lita tatu, nguvu za farasi 231, na kwenye dashibodi kilometa 187,000 tu. Siku ya tatu nikahesabu dola 5,500.

Mimi si fundi, nauza nyaya na swichi. Ila nimenunua magari mawili ya aina hii, la kwanza kwa moyo na la pili kwa tochi, na wadogo zangu wanaotaka gari la mbio lenye kilometa nyingi hunipigia kila wiki. Basi niandike mara moja.

Tuanze na ule moto wa boneti. Injini ikipashwa kabla hujafika, mambo mengi unakuwa umefichwa. Moshi wa bluu hutoka dakika ya kwanza, ikiwa mfumo wa kupumulia wa injini umeziba au umepasuka na mafuta ya injini (oili) yanavutwa kuingia kwenye silinda. Milio ya chuma husikika kabla mafuta hayajapanda. Ikishapata joto, vyote vinatulia na wewe unasikia muziki. Siku hizi nikigusa boneti nikakuta joto, sibishani na mtu. Nasema nimesahau pesa nyumbani, narudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu.

Gari langu la kwanza lilidumu wiki tano. Tulikuwa tunakwenda Likasi, kilometa 120 hivi, mke wangu pembeni. Katikati ya safari nikasikia harufu tamu, kama sukari iliyoungua. Nikatazama sindano ya joto: iko katikati, imetulia. Nikaendelea. Dakika chache baadaye mvuke ukafunika kioo, na hapo ndipo sindano ikapanda yote kwa mara moja. Kopo la plastiki la maji, lile ambalo mafundi wetu wanaliita vaze, lilikuwa limepasuka kwenye mshono.

Fundi aliyetuvuta mpaka Kenya (mtaa, si nchi) ni mtu mzima, namwita Yaya. Alifungua, akacheka kwa huzuni.

“Mudogo, hii sindano iko inakudanganya.”

Ni kweli. Kwenye E46 sindano hiyo imepangwa isimtie dereva wasiwasi: maji yakiwa digrii 75 iko katikati, yakifika karibu 115 bado iko katikati. Ikianza kupanda, ujue madhara yameshaanza. Na injini ile ina bloku ya alumini na kulasi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, nayo ya alumini. Ikiungua, boloni (bolti) za kulasi zinang'oka na nyuzi zake kutoka kwenye bloku. Ndivyo ilivyokuwa yangu. Yaya alinionyesha boloni moja imevaa alumini kwenye meno yake kama mahindi yaliyobaki kwenye gunzi.

Kosa silitupi kiwandani. Plastiki ya miaka ishirini inayopashwa na kupoa kila siku itapasuka tu. Aliyeniuzia hakubadilisha, na mimi sikuuliza.

Kuna jambo la mji wetu ambalo watu hawalifikirii. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200, na kwa urefu huo maji matupu yasiyofungiwa huchemka karibu digrii 96. Thermostati ya injini hii, ule mlango unaofungulia maji yaende kwenye radieta, imeandikwa 97. Kwa hiyo kifuniko cha vaze kikilegea kisishike mgandamizo, na mtu akajaza maji ya bomba badala ya dawa ya radieta, maji yanaweza kuchemka kabla thermostati haijafunguka sawasawa. Ndiyo maana mimi nafungua kile kifuniko (injini ikiwa baridi, usije ukajichoma uso) na kutazama rangi. Maji matupu yasiyo na rangi ya dawa, au yenye kutu, naanza kuhesabu pesa za pompi ya maji, vaze, mipira ya maji na thermostati, zote kwa pamoja, na natoa hiyo hesabu kwenye bei. Kubadilisha kimoja kimoja ni kumpa fundi mshahara wa kila mwezi.

Sasa zile kilometa 187,000. Yaya, akiwa anakunja vitambaa vyake, akaniuliza kama nimewahi kuona nukta ndogo inayowaka kando ya namba za kilometa. Nilikuwa nimeiona. Nilidhani ni desimali. Kumbe E46 huandika kilometa sehemu mbili: kwenye dashibodi yenyewe na kwenye kompyuta ya taa. Zikitofautiana, nukta inawaka. Si lazima iwe wizi, kuna mtu dashibodi iliharibika akaweka nyingine na anakwambia wazi. Wangu hakuniambia kitu.

Hapo ndipo nilipoacha kuogopa namba kubwa. Gari langu la pili lilikuwa na kilometa 268,000, nami nalitembeza mpaka leo. Lilitoka Ubelgiji na faili la karatasi nene kama kamusi: pompi ya maji na vaze vimebadilishwa, tarehe na kilometa zimeandikwa. Na Ubelgiji tangu mwisho wa 2006 kuna Car-Pass, cheti kinachoonyesha kilometa zilizoandikwa kila gari lilipokwenda kukaguliwa au kutengenezwa. Ndugu aliyeko kule akikutafutia gari, mwambie akutumie picha ya hicho cheti kabla ya picha ya viti vya ngozi. Namba zikipanda taratibu mwaka hadi mwaka, 268,000 ya kweli ni bora kuliko 187,000 ya uongo.

Asubuhi ile ya gari la pili nilifanya hivi. Nilifungua kifuniko cha kujazia oili juu ya injini. Chini yake ukikuta uji wa rangi ya kahawa na maziwa, maji yanaweza kuwa yamechanganyika na mafuta. Kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba, gari linalokwenda sokoni na kurudi tu linaweza kuwa na utando kidogo bila ugonjwa, kwa hiyo linganisha na rangi ya maji kwenye vaze. Nikapiga tochi ubavuni mwa injini, chini ya nyumba ya filta ya mafuta: gasketi yake ikichoka inachuruzika taratibu. Ile ya mfuniko wa valvu nayo hudondosha mafuta kwenye ekzosi, ndiyo harufu ya kuungua unayosikia ukisimama kwenye foleni. Hizo ni pesa ndogo. Nilizipata zote mbili, nikapunguziwa dola 300.

Kisha barabarani. Ukikanyaga kutoka chini ikawa nzito, halafu kuanzia mizunguko 3,000 inaamka ghafla, fikiria mipira ya VANOS, ule mfumo wa kusogeza kamshafti, mhimili unaofungua valvu, imekauka. Usukani ukitetemeka unapofunga breki, mara nyingi ni silabloki, yaani bushi za mpira, za mikono inayoshika magurudumu ya mbele, na kwa mashimo yetu sijui kama kuna gari lisilo nazo zimechoka.

Lakini pa kuingia kabisa ni chini. Lipa shimo la gereji nusu saa, peleka tochi kwenye bati la nyuma pale ekseli inapofungwa. E46 hupasuka pale, na gari lililofanyiwa fujo za mbio hupasuka zaidi. Nyufa ni nyembamba kama unywele, zinajificha chini ya matope mekundu, kwa hiyo futa kwanza. Ukisikia mlio wa “kong” nyuma unapoingiza gia ya kwanza, futa mara mbili. Gari lililotoka Ulaya tazama pia kutu kwenye sehemu za kuwekea jeki. Chumvi ya barabara zao haiishi kwa kuoshwa.

Karatasi sitasema mengi: namba ya chesi iliyogongwa chini ya boneti upande wa kulia, ile ya kwenye kioo, karte rozi (kadi ya gari) na karatasi za DGDA, yaani forodha, zote ziwe moja, herufi kwa herufi.

Vipuri si tatizo kubwa kama wanavyotutisha. E46 ziliundwa pia Rosslyn, karibu na Pretoria, Afrika Kusini, na vitu vya injini vinapanda na malori mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Usukani wao tu ndio uko kulia.

Mdogo wangu yuko Kolwezi, ameona 325i jana. Amenitumia picha kumi na moja: rimu, redio, rimu tena. Nimemwomba picha moja tu, dashibodi ufunguo ukiwa umewashwa, karibu, upande wa namba za kilometa. Anasema mwenye gari hajapata nafasi.