Maswali ya Wasomaji: Tuni Moja ya Mapenzi na ya Hofu

Swali: Natunga muziki wa filamu ya dakika 22. Msichana anaolewa katika nyumba kuukuu ya mawe huko Limuru, kumbe mke wa kwanza aliyezikwa bado yumo. Mwelekezi anataka okestra. Nina kibodi, kompyuta na pesa za kulipa wapigaji watatu kwa saa tatu. Muziki wa mapenzi na wa kutisha unasikika kama wa filamu mbili tofauti, na nyuzi (fidla, viola, chelo) za kompyuta zinalia kama kinanda cha watoto. Nifanyeje? *Mtunzi, Rongai*

Jibu: Usitunge tuni mbili. Tunga ya mapenzi kwanza, kisha ya kutisha uitoe humo humo. Tuseme uko kwenye D maina, ngazi ya noti yenye huzuni, mwendo wa 3/4, yaani mapigo matatu kwa kila kipimo. Anza na D, panda hadi A, gusa B flati, rudi A. Hiyo nusu toni kati ya A na B flati ndiyo inayobeba hamu yote, kwa hiyo mpe chelo aikalie kidogo. Baadaye kontrabesi, ile kubwa ya sauti nzito, irudie A na B flati tu, polepole, bila ile D ya mwanzo. Msikilizaji ataitambua lakini hatajua imeegemea wapi. Mke wa kwanza akijitokeza, noti hizo mbili zilie kwa pamoja, fidla zikitetemesha upinde.

Upinde nao una kazi kubwa. Ukivutwa juu ya ubao wa vidole, sauti huwa laini na yenye pumzi: hiyo ni ya harusi. Ukivutwa karibu kabisa na daraja la fidla, noti ile ile hukwaruza na kutoa mlio wa kioo. Waandikie wapigaji wazi ni wapi wahamie. Wala usione aibu kukosa tarumbeta na ngoma. Mtunzi Bernard Herrmann alitumia nyuzi pekee katika filamu ya kutisha *Psycho* ya 1960.

Sasa kuhusu kompyuta. Sauti moja ya kundi la fidla huenda imerekodiwa na wapigaji 14. Ukibonyeza kodi, yaani noti nne kwa pamoja, kwa mkono mmoja, umeita fidla 56, na zote zimeanza sekunde ile ile kwa nguvu ile ile. Hapo ndipo ukinanda unapotokea. Rekodi kila sauti peke yake: fidla ya kwanza, ya pili, viola, chelo, kontrabesi. Sukuma gurudumu la kibodi la kudhibiti nguvu ya sauti unapopiga ili noti ivimbe na kupungua, na usiiache kompyuta inyooshe kila noti iangukie kwenye pigo kamili.

Wapigaji wako wawe fidla, viola na chelo. Ukiulizia Kenya Conservatoire of Music au kwa watu wa Nairobi Orchestra utaelekezwa. Kila mmoja apige sehemu yake mara tatu, lakini kila mara ahamishe kiti kama mita moja. Wa fidla abadilishe hata chombo akipata cha kuazima. Akibaki pale pale, tabaka za rekodi zinagandana na unapata fidla moja iliyovimba. Maikrofoni mbili zikae juu ya vichwa, mita mbili hivi kutoka kwa mpigaji. Epuka ukumbi wa paa la mabati msimu wa mvua. Vipokea sauti viwe vya kufunika sikio lote, na mlio wa kuhesabia mapigo anaousikia mpigaji uzimwe kabla ya noti ya mwisho, la sivyo utausikia ukigonga ndani ya mwangwi, na hautoki tena.

Swali: Mlango unafunguka sekunde ya 41 ya tukio, lakini muziki wangu unafika kilele mapema au umechelewa. *Mhariri wa picha, Kasarani*

Jibu: Weka kasi ya mapigo 60 kwa dakika, kila pigo ni sekunde moja, na kipimo cha 3/4 ni sekunde tatu. Vipimo 13 vinakufikisha sekunde ya 39. Ongeza kimoja cha 2/4, na pigo la kwanza la kinachofuata linaangukia 41 kamili. Ushauri wetu ni kwamba hapo muziki ukatike badala ya kulipuka. Mlango wenyewe ulie.

Hakikisha pia picha na mradi wa sauti viko kwenye fremu 24 kwa sekunde au vyote 25. Faili la fremu 24 likichezwa kwa 25, dakika moja inakuwa sekunde 57.6. Toa faili la sauti la 48 kHz, biti 24, na uweke mlio wa fremu moja sekunde mbili kabla ya picha ya kwanza, ili anayeunganisha aone papo hapo kama sauti na picha zimeachana.

Swali: Naweza kutumia rekodi ya muziki wa kinanda wa Bach niliyopakua mtandaoni? *Mwanafunzi, South B*

Jibu: Utunzi ndiyo, rekodi hapana. Bach, mtunzi Mjerumani, alifariki 1750, na sheria ya Kenya hulinda utunzi wa muziki kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Rekodi ina wenyewe. Tafuta mpigaji wa kinanda wa kanisani akurekodie upya, na akuandikie idhini siku hiyo hiyo, kabla filamu haijaanza kuonyeshwa.