Deni la kodi ya ardhi aliloacha baba: lipeni, lakini liandikwe

Baba alipofariki, nyumba yetu ya Nkuhungu ilibaki na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi ya miaka mingi. Ofisi ya ardhi walipoingiza namba ya kiwanja kwenye mfumo, deni lote likatokea pamoja na riba yake. Nawaandikia ninyi mliotoka msibani juzijuzi na sasa mmeshika bili ya marehemu.

Kwanza tofautisheni kodi mbili. Ile inayokatwa mnaponunua umeme wa LUKU ni kodi ya majengo: tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja chenyewe, hulipwa kila mwaka kwa namba ya malipo yake. Umeme mtanunua kila wiki, na deni la ardhi halitapungua hata senti moja.

Kabla ya kulipa, fungueni sanduku la marehemu. La baba lilikuwa la bati, chini ya kitanda, na ndani yake stakabadhi zimebanwa kwa pini iliyoota kutu. Wino wa kaboni ulishafifia, ila namba ya kiwanja na kitalu vilisomeka. Baadhi ya miaka iliyoonekana haijalipwa, baba alikuwa ameilipa. Tulipeleka nakala pamoja na barua, zile halisi zikabaki kwetu, na deni likashuka. Hapa Dodoma hili ni muhimu zaidi, maana viwanja vingi vilimilikishwa na CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ambayo ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri. Umiliki wa miaka 33 nao ukaagizwa uwe wa miaka 99. Karatasi yenye nembo ya zamani msiitupe.

Sasa lililo zito. Kaka yetu mkubwa, mwenye kipato kutuzidi, alisema atalipa lote peke yake tusisumbuane. Alisema kwa moyo safi. Shangazi akamjibu mbele yetu sote: “Lipa mwanangu, Mungu akubariki. Lakini iandikwe.” Nimeona ndugu wa tumbo moja wakifikishana mahakamani kwa sababu mmoja alilipa kodi kimya kimya, na miaka ilipopita akasema nyumba ni yake, mbona stakabadhi anazo yeye. Kulipa kodi ya marehemu hakumfanyi mtu kuwa mmiliki. Deni ni la mirathi, na mirathi ndiyo hulilipa kabla ya warithi kugawana.

Kwa hiyo tulikaa kikao cha familia, tukaandika muhtasari, kila mmoja akasaini, tukampendekeza dada yetu kuwa msimamizi wa mirathi. Tukaambatanisha cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, tukafungua shauri mahakama ya mwanzo. (Ulizeni mapema ngazi inayowafaa, maana huangaliwa kama marehemu aliishi kimila, Kiislamu au vinginevyo.) Msimamizi akishateuliwa hupewa miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, deni la ardhi liingie humo. Fedha ya kaka tuliiandika kuwa ni mkopo kwa mirathi, na amekuwa akirudishiwa kutoka kodi wanayolipa wapangaji wa vyumba vya uani. Hajawahi kumsimanga mtu kwa hilo, na mama analala bila wasiwasi.

Watakuja watu wa kuwashauri muuze. Msikubali kumtoa mjane nyumbani kwake kwa deni linaloweza kulipwa polepole. Sisi tuliomba kwa barua kulipa kwa awamu, tukakubaliwa. Wala msikae mkingoja msamaha: ule wa riba uliotangazwa 2022 uliongezwa muda hadi Aprili 2023 kisha ukafungwa, na riba haiwasubiri mmalize kulia.

Fomu ya usimamizi ikitoka, ipelekeni ofisi ya ardhi ili jina la msimamizi lisajiliwe kwenye hati. Siku hiyohiyo badilisheni na namba ya simu iliyo kwenye mfumo, kwa sababu ujumbe wa bili ulikuwa ukienda kwenye laini ya marehemu iliyokwisha kuzimwa.