Unataka kukata katikati ya Azores? Geuza mashua kwanza

Ndugu, geuza sasa hivi, salamu baadaye.

Unasema katika hii Vendée Globe ya kwenye simu, mchezo wa yale mashindano ya mashua za matanga kuzunguka dunia, umebakiza maili 1,500 kufika mwisho, Les Sables-d'Olonne kule Ufaransa, uko kusini-magharibi mwa visiwa vya Azores katika Atlantiki, na unataka kupasua katikati kwa kuwa ndiyo njia fupi. Mimi nilipasua. Hapa Lubumbashi sikumjua mtu aliyekuwa mbele yangu. Nilifika nyuma ya mwanafunzi aliyekuwa akinipigia simu kuuliza namna ya kugeuza tanga.

Pale Azores hukaa mgandamizo mkubwa wa hewa. Upepo unauzunguka kufuata mshale wa saa: upande wa magharibi unavuma kutoka kusini, kaskazini yake unavuma kutoka magharibi, na huo ndio unaokusukuma mpaka Ufaransa. Katikati hakuna kitu. Ukiona mistari ya mgandamizo imeachana kwenye ramani, hapo ni shwari tupu.

Kilichonimaliza ni orodha ya nafasi. Inapanga watu kwa umbali uliobaki, siyo kwa saa watakayofika. Kwa hiyo kadiri nilivyojichimbia kwenye shwari, ndivyo nilivyopanda! Waliozunguka magharibi wakashuka, nikawacheka, nikatuma picha kwenye kikundi. Usiku umeme ukakatika. Niko ndani ya chandarua, simu inakaribia kuzima, kasi ya mashua inasoma maili 1.9 kwa saa. Nikabadili pembe: 1.4. Nikarudisha: 1.7. Utabiri mpya hutoka mara nne kwa siku, na kila ukitoka nakuta ule mgandamizo umesogea kuelekea mashariki, njia yangu ile ile, mwendo wangu ule ule. Tukasafiri pamoja kama mtu na mdai wake. Mke wangu akauliza nani amefariki.

Na yule "kapiteni" wa WhatsApp aliyeniapia kwamba mstari ulionyooka haudanganyi! Maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya ziwa la Kipopo, hapa karibu na Lubumbashi, na hapo alikuwa amefuata samaki wa kuchoma. Nilipomrudia, eti ningebadilisha tanga mapema. Tanga la nini, upepo wenyewe haupo?

Msiniambie ni mchezo tu. Kwenye mashindano yenyewe ya 2020-2021, Yannick Bestaven alikuwa mbele kwa zaidi ya maili 400, upepo ukamwishia nje ya pwani ya Brazili, wenzake wakamfikia. Karibu na mwisho akachagua kupanda kaskazini, njia ndefu yenye upepo. Alivuka mstari wa mwisho akiwa wa tatu, akapata ushindi kwa saa 10 na dakika 15 alizofidiwa kwa kumtafuta mshindani mwenzake Kevin Escoffier, ambaye mashua yake ilikuwa imevunjika. Yeye alifidiwa. Wewe atakufidia nani?

Basi, funga hiyo orodha. Usiifungue mpaka uvuke latitudo ya 45. Tazama mgandamizo utakuwa wapi keshokutwa, na ukilinganisha njia mbili, linganisha saa ya kufika, achana na maili. Zunguka magharibi hata ukishuka nafasi elfu moja. Utashuka, na utaumia, najua.

Hayo mengine uliyouliza, ya matanga ya kulipia na sijui kupanga njia ukiwa umelala, wengine watakujibu. Umeshageuza? Tuma picha ya ramani hapa, nafasi yako sitaki kuiona.