Kabla hujanunua sistimu, jua kwanza mnataka kuamua nini

Watu wengi wakisikia mfumo wa taarifa, yani sistimu ya kutunza rekodi za ofisi na kuzitolea ripoti, wanawaza kompyuta, seva (ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine) na programu, alafu kikao kizima kinaisha kwa kubishana programu ipi ni nzuri na ipi ina bei nafuu. Nimefanya kazi na rekodi za ofisi muda mrefu, nikaanzia stoo, nikaja mauzo, mwisho nikawa natengeneza ripoti za mameneja, na anayeniomba ushauri huwa namwambia aanze na karatasi na kalamu. Andikeni maamuzi mnayofanya: kuagiza mzigo, kumkopesha mteja, kuajiri, kufungua au kufunga tawi. Mbele ya kila uamuzi andikeni mnatakiwa kujua nini ili muamue vizuri, na ni nani anayeamua. Hiyo karatasi ndo itawaambia mnahitaji sistimu gani, msipokuwa nayo mtauziwa chochote.

Sasa tuje kwenye data na taarifa maana hapa wengi wanachanganya. Data ni kile kilichorekodiwa kama kilivyo. Mfano 40. Arobaini nini? Ukisema katoni 40 zimetoka stoo wiki hii, afadhali, ila bado ni data, huwezi kuamua kitu nayo. Lakini ukiniambia bidhaa hii hutoka katoni 40 kila wiki, stoo zimebaki 60, na saplaya huchukua wiki mbili kuleta mzigo, hapo umenipa taarifa, kwa sababu naona kabisa kwamba hata nikiagiza leo hii kuna siku kadhaa rafu itakaa tupu na wateja wataenda kwingine. Ile 40 ni ile ile, ila sasa imekutana na wenzake na imejibu swali la mtu mwenye kazi ya kuagiza.

Ukitaka kupima ripoti yoyote hapo ofisini kwenu, mfuate anayeipokea umuulize, ukishaisoma hii unafanya nini? Niliwahi kukuta ripoti ndefu inatengenezwa kila mwezi, vijana wanakesha nayo, kumbe meneja aliyeiomba alishahama idara zamani na hakuna aliyekuwa anaifungua. Kazi ya watu kadhaa inapotea hivyo hivyo kila mwezi na hakuna anayelalamika, na inaniuma sana maana hao hao vijana ndo wangekuwa wanahakiki hesabu za stoo.

Taarifa nzuri iwe sahihi, kamili, imhusu anayeipokea na ifike kwa wakati. Hilo la wakati ndo linasahaulika. Ripoti ya madeni iliyo sahihi mpaka senti ya mwisho lakini inafika baada ya mteja mwenye deni kubwa kuongezewa mkopo mwingine, haijamsaidia mtu. Mara nyingi makadirio ya leo jioni yana thamani kuliko hesabu kamili ya mwezi ujao, inategemea mnaamua nini. Na kumbukeni taarifa ina gharama, kuna muda wa watu, kuna vifaa, kwa hiyo uamuzi mdogo usiujengee sistimu kubwa.

Sistimu yenyewe ina vifaa, programu, mtandao, data, watu na taratibu. Hivyo vitatu vya mwanzo unaweza kununua. Vilivyobaki hakuna anayeviuza, na matatizo karibu yote niliyowahi kuyaona yalitokea huko. Chukua mfano mdogo tu, karatasi za printa. Mmoja anasajili "A4", mwingine "karatasi A4", wa tatu "rimu A4", basi kompyuta inaona bidhaa tatu tofauti, moja inasoma imeisha, nyingine ipo tele, na mwenye kuagiza anaagiza mzigo ambao stoo umejaa. Hapo programu haina kosa lolote. Dawa yake ni utaratibu: kila bidhaa iwe na namba yake moja ya utambulisho, na kusajili bidhaa mpya iwe kazi ya mtu mmoja anayejulikana.

Ndio maana napenda sana historia ya kampuni ya Lyons ya Uingereza. Hawa walikuwa watu wa mikahawa na mikate, na mwaka 1951 kompyuta waliyoijenga wenyewe, iliyoitwa LEO, ikaanza kufanya kazi za kawaida za ofisi, ikianza na mahesabu ya idara yao ya mikate. Watu wanashangaa kampuni ya mikate iliwezaje, ila tangu miaka ya 1930 walikuwa na ofisi maalum ya kuchunguza kazi za karani zinafanyikaje, fomu gani inaenda wapi na kwa nini. Yani mashine ilipofika ilikuta taratibu zinaeleweka.

Sistimu zina ngazi pia. Chini kabisa kuna mifumo ya miamala, keshia anauza, stoo inatoa, mshahara unalipwa. Juu yake kuna ripoti za mameneja za wiki na mwezi, alafu kuna mifumo ya kusaidia maamuzi magumu zaidi, pale mtu anauliza tukipandisha bei itakuwaje, mpaka juu kabisa kwa wakurugenzi wanaotaka picha nzima kwa ukurasa mmoja. Zote zinakula kutoka kwenye ile ya chini. Keshia akiwa anaruka kurekodi bidhaa zilizorudishwa na wateja, mkurugenzi ataoneshwa mauzo ambayo hayapo, kwa grafu nzuri yenye rangi. Kwa hiyo hela ya mafunzo ipelekeni kwanza kwa wanaoingiza data.

Kuhusu Excel, ile programu ya majedwali, sina ugomvi nayo, ofisi ndogo inaweza kuanza nayo vizuri tu. Lakini ina mipaka. Mwaka 2020 huko Uingereza, kipindi cha Korona, wagonjwa 15,841 walikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, zilizozidi zikaachwa nje, na wafuatiliaji wakachelewa kuwafikia watu waliokuwa karibu na wagonjwa. Dalili ya kwamba umefika wakati wa kuwa na database, yani hifadhi moja ya data inayotumiwa na wote, ni pale faili moja linapotumiwa na watu wengi na kila mmoja ana kopi yake. Wazo la kupanga data kwenye majedwali yanayohusiana lilitolewa na Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970 na database nyingi za biashara bado zinalifuata, faida yake ni kwamba namba ya simu ya mteja inakaa sehemu moja, ukiibadilisha hapo imebadilika kwa wote.

Logini kila mtu awe na yake, msichangie pasiwedi hata kama mnaaminiana vipi, maana siku rekodi ikifutwa hamtajua pa kuanzia kuuliza. Mtu akiacha kazi, logini yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Na bakapu jamani, yani kopi ya akiba ya data zenu. Kopi moja ikae nje ya jengo, na msiridhike kuambiwa ipo. Chagueni siku ya kazi chache, chukueni kompyuta nyingine, rudisheni data zote kutoka kwenye bakapu mwone kama zinafunguka na kama mauzo ya jana yamo. Pimeni pia imechukua saa ngapi, kwa sababu huo ndo muda ambao kazi zitasimama siku seva ikifa.