Ukitaka kumjua Asakawa Kan'ichi usikimbilie kitabu chake

Wadogo zangu mnaosoma historia mnaniuliza sana, mtu umepata skolashipu, umefika chuo, profesa anakwambia tu nenda akaivu, yani mahali panapohifadhiwa nyaraka za zamani, kaangalie nyaraka za msomi fulani, sasa unaanzia wapi? Nitajibu kwa kumtumia mtu ambaye makaratasi yake nimekaa nayo na ninampenda kwa kweli, Asakawa Kan'ichi, Mjapani aliyefundisha historia ya nchi yake Chuo Kikuu cha Yale kule New Haven, Marekani, na nyaraka zake zipo hapohapo Yale. Ushauri wangu ni huu, usiombe boksi hata moja la nyaraka kabla hujajua mwaka gani mtu wako alikuwa wapi na alikuwa anahangaika na nini.

Chukua daftari andika miaka. Asakawa kazaliwa 1873 Nihonmatsu, Fukushima, na baba yake alikuwa samurai wa upande ulioshindwa kwenye vita vya 1868, yani kakulia kwenye nyumba ya watu walioona utawala wao wa zamani ukianguka. Akasoma Tokyo kwenye shule ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Waseda, akamaliza 1895, akavuka bahari hadi chuo cha Dartmouth, Marekani, digrii 1899, halafu udaktari Yale 1902. Akaoa Mmarekani 1905, mke akafariki 1913. Kule kwao wanasimulia kwamba akiwa sekondari alikariri kamusi nzima ya Kiingereza, akichana kila ukurasa aliomaliza, jalada lililobaki akalizika chini ya mti wa cheri, hiyo ichukue kama hadithi lakini iandike pia, inakuonyesha watu wa kwao wanamkumbuka vipi.

Sasa ona miaka inavyofanya kazi. 1904, vita vya Japani na Urusi vimeanza, Asakawa anatoa kitabu kwa Kiingereza kuwaeleza Wamarekani chanzo cha ule mgogoro na anasimama na nchi yake. 1909 anatoa kingine, safari hii kwa Kijapani, anawaambia Wajapani wenzake waziwazi kwamba wanayoyafanya Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, yanakwenda kinyume na yale waliyoiahidi dunia na wakiendelea hivyo watakuja kugongana na Marekani. Mtu yuleyule, miaka 5 tu katikati! Ukisoma kimoja peke yake utamwita mzalendo, ukisoma kingine utamwita msaliti, na yeye hakuwa msaliti hata kidogo, aliipenda Japani ndo maana aliisema. Kwa hiyo barua na shajara za kipindi hicho katikati ndo za kukaa nazo, usiruke.

Na kitabu chake kikubwa kuhusu hati za Iriki vilevile. Alikuwa Japani 1917 hadi 1919, na 1919 akafika Iriki kule Kagoshima, kusini kabisa mwa Kyushu, akakutana na hati za ukoo mmoja wa mabwana wenye ardhi zilizotunzwa tangu karne ya 12, nani kapewa shamba, nani karithi, nani anadaiwa utumishi wa vita. Kitabu kimetoka 1929. Miaka 10! Wanahistoria wa Ulaya, Mfaransa Marc Bloch akiwemo, waliitumia kazi ya Asakawa kulinganisha ukabaila wa Japani na wa kwao, ila kitabu kinakupa tu jibu alilofikia, namna alivyofika pale utaikuta kwenye madaftari ya kazi. Ukibanwa na muda acha vyeti na picha, nenda kwenye madaftari.

Kitu kimoja kilinishika zaidi ya vyote ni mambo ya Novemba 1941. Yuko na miaka 67, uhusiano wa Japani na Marekani umeshaharibika, na rafiki yake Langdon Warner wa Harvard anamhimiza aandike rasimu ya barua ambayo Rais Roosevelt angeweza kumpelekea Mfalme wa Japani. Akaandika, Warner akaipeleka Washington. Barua ya Roosevelt ikaja kutumwa Desemba 6, haikufuata rasimu yake, na kesho yake mabomu ya Japani yakaanguka Pearl Harbor, kambi ya majeshi ya majini ya Marekani kule Hawaii. Ukikutana na rasimu kama hiyo soma polepole, angalia tarehe, angalia alichokata na alichokiweka badala yake, halafu nenda kwenye barua za wiki zilezile kwa marafiki zake uone anasema nini akiwa haandiki kwa niaba ya rais.

Mambo ya vitendo haraka haraka: soma kwanza mwongozo wa mkusanyo, yani orodha ya kilichomo kwenye maboksi, upo mtandaoni, agiza maboksi mapema maana mengine huwa yanawekwa stoo ya mbali, nenda na penseli kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi, toa folda moja moja na usivuruge mpangilio wa karatasi. Ukipiga picha, ya kwanza iwe lebo ya boksi na folda, kila folda bila kuacha, la sivyo ukirudi nyumbani una mapicha tu na huwezi kuyataja kwenye tasnifu. Kama Kijapani chako cha mwandiko wa mkono bado, anza na barua za Kiingereza, zipo za kutosha, na nyingi zimeshachapishwa Japani kwa hiyo ulizia maktaba kabla ya kupanda ndege.

Kwa wanaoanza mwaka huu, mimi ningefungua za 1905 hadi 1909 kwanza, halafu 1941, ndo nirudi Iriki.