Kumtafuta babu Kariakoo

Dada yangu, umesema babu alitoka Songea akaja Dar es Salaam miaka ya 1950 kufanya kazi reli, akapanga Kariakoo, na hujui pa kuanzia. Usianze ofisini. Anza na sanduku la bibi. Kitambulisho cha kazi, stakabadhi ya kodi ya kichwa, picha yenye maandishi nyuma: vitu hivyo ndivyo vitakupa mwaka na jina alilolitumia mjini.

Jina ndilo litakalokutesa. Karani aliandika alivyosikia, na wengi walitumia jina la baba tu. Kama familia ni Wakatoliki, nenda parokia ya kijijini kwanza, halafu ya mjini. Daftari za zamani ziliandikwa Kilatini. Mimi nilimpita babu yangu Yohana mara mbili kwa sababu nilikuwa namtafuta Yohana, naye yupo pale kama "Joannes", pembeni jina la msimamizi wake wa ubatizo. Huyo msimamizi alikuwa mjomba ambaye hatukumjua kabisa! Kama ni Waislamu, uliza cheti cha ndoa na msikiti walikosalia.

RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, jaribu, ila wengi waliozaliwa enzi hizo hawakuandikishwa. Kwa magazeti ya zamani kama Mambo Leo, nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkusanyiko wa East Africana. Nyaraka za serikali ya kikoloni ziko Nyaraka za Taifa, Upanga.

Shangazi yako wa Magomeni bado yupo? Mrekodi wiki hii, tafadhali.